Hamri Halina Kosa: Kupunguza Uzito Bila Kuaga Chakula Unachokipenda

Mkaazi anapotoka hospitalini akiwa ameambiwa apunguze uzito, kitu cha kwanza kupigwa marufuku nyumbani huwa ni mahamri. Baada yake hufuata viazi karai vya jioni, kaimati, soda na wali wa nazi. Wiki ya kwanza mambo huenda sawa. Wiki ya pili mtu huanza kupita njia ya mbali ili asikutane na karai ya muuza bajia. Wiki ya tatu hutokea harusi, au mgeni, au siku mbaya tu kazini, na marufuku yote huvunjika kwa mkupuo mmoja. Haliliwi hamri moja, huliwa sita. Wengi wakifika hapo huamua kwamba kupunguza uzito si jambo lao. Kadi ya kliniki hutupwa kabatini na presha huendelea kupanda.

Hali hii inaumiza kwa sababu mara nyingi si hamri lililomnenepesha mtu huyo. Kilichomnenepesha ni jumla ya alivyokula na kunywa kutwa nzima, miezi na miaka, na sehemu kubwa ya jumla hiyo imejificha katika vitu ambavyo hata havifurahii: sukari ya chai inayonyweka bila kufikiriwa, mafuta yanayomiminwa sufuriani bila kupimwa, tonge za mwisho za sima zinazoliwa kwa sababu tu ziko mezani. Anayejifunza hesabu hiyo anaweza kukata pale pasipouma na kubaki na kile anachokipenda.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya alikuwa na uzito uliozidi au unene, na utafiti uliofuata wa mwaka 2022 haukuleta habari njema zaidi. Uzito uliozidi huandamana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na baadhi ya saratani. Nyumba iliyo na mgonjwa wa kisukari inajua gharama yake: dawa za kila mwezi, nauli za kliniki, vidonda vya mguu visivyopona.

Kalori ni nini hasa

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha petroli. Mwili huitumia nguvu hiyo kupumua, kusukuma damu, kutembea, kufua na kulima. Isipotumika, mwili hauitupi. Huiweka akiba kama mafuta tumboni, kiunoni na mapajani. Ikipungua kuliko inavyohitajika, mwili huenda kwenye akiba hiyo na kuanza kuitumia. Njia zote za kupunguza uzito, hata zile zenye majina makubwa na bei kubwa, hufanya kazi kwa kupitia mlango huo mmoja.

Hesabu inayotumiwa hadi leo imetokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, aliyepima nguvu ya vyakula mwishoni mwa karne ya 19. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Gramu moja ya protini, ile ya maharagwe, samaki na mayai, nayo ina kalori 4. Pombe ina 7 kwa gramu. Mafuta yana 9, yawe ya alizeti, ya nazi, ya ng'ombe au ya ile chupa yenye picha ya moyo. Tofauti hiyo ya 4 na 9 inafaa kukumbukwa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90 ilhali gramu 100 za chipsi zinaweza kufika 300. Kiazi ni kilekile. Kilichoongezeka ni mafuta, na kilichopungua ni maji.

Kwenye paketi za biskuti, maziwa na unga, kipimo hiki huandikwa kwa herufi kcal. Baadhi ya paketi huandika kJ pia, na namba yake huwa kubwa zaidi ya mara nne kwa sababu ni kipimo kingine cha kitu hichohicho. Cha kuangaliwa ni kama namba iliyoandikwa ni ya gramu 100, ya kipande kimoja au ya paketi nzima. Watengenezaji hupenda kuandika ile iliyo ndogo.

Hesabu ya hamri moja

Chakula cha paketi kina maandishi, lakini hamri halina. Hata hivyo mpishi yeyote anaweza kulipigia hesabu akijua alichotia. Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilichapisha mwaka 2018 majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Kenya, na afisa wa lishe anaweza kumsaidia mtu kuyasoma. Kwa matumizi ya jikoni, namba chache zinatosha.

Tuchukue mpishi anayekanda kilo moja ya unga wa ngano. Unga una takriban kalori 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kilo nzima ni 3,600. Ametia sukari gramu 200, ambazo ni 800. Tui la nazi, karibu nusu lita ya kiasi kizito, tulihesabu 800. Hamira na iliki hazina uzito wa kuhesabika. Yanabaki mafuta ya kukaangia, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa wanahesabu mafuta yote yaliyo kwenye karai au hawayahesabu kabisa. Njia iliyo sawa ni kuyapima kabla ya kukaanga na kuyapima tena yakishapoa. Tofauti yake ndiyo iliyonywewa na mahamri. Kama yamepungua mililita 200, hizo ni gramu zipatazo 180, yaani kalori 1,600 na ushei.

Jumla inafika karibu 6,800. Ikitoka mahamri 40, kila moja lina kalori 170. Yakikatwa makubwa yakatoka 25, kila moja linapanda hadi 270, na mlaji bado atasema amekula "mawili tu". Ukubwa wa kipande ni jambo la kuulizwa kabla ya idadi yake.

Mfano wa pili ni chapati. Paketi ya kilo mbili ya unga ikitoa chapati 20, kila chapati imebeba gramu 100 za unga, ambazo ni kalori 360 kabla ya tone la mafuta. Vijiko viwili vya chai vya mafuta wakati wa kukunja na kuchoma huongeza 80. Chapati moja kubwa basi ni kama mahamri mawili na nusu madogo. Wengi wanaoogopa mahamri hula chapati mbili usiku kwa amani kabisa.

Siku ya mwanamke wa mfano

Chukua mwanamke wa miaka 42, mrefu wa sentimita 160, mwenye kilo 82. Ukigawa uzito wake kwa kimo chake kwa mita mara mbili, yaani 82 kwa 1.6, kisha tena kwa 1.6, unapata 32. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kuanzia 18.5 hadi chini ya 25. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 huitwa unene. Anauza duka, anasimama na kutembea kiasi. Kwa kanuni ambayo wataalamu wa lishe huitumia, mwili wake unahitaji takriban kalori 2,170 kwa siku ili uzito ubaki palepale. Ni makadirio. Miili hutofautiana, ila yanatosha kuanzia.

Asubuhi anakula mahamri mawili, kalori 340. Hayo tuyaache kwanza.

Kwa siku anakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, yaani kalori 16. Lakini kijiko cha nyumbani huja na kilima juu yake, na kinaweza kubeba gramu 7. Vijiko vitatu vya aina hiyo ni kalori 84 kwa kikombe, 168 kwa siku. Akishuka taratibu hadi kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kila kikombe, anabaki na 32. Ameokoa 136. Ulimi huzoea kwa wiki chache ukipunguziwa nusu kijiko kila baada ya siku kadhaa. Ukikatwa ghafla hugoma. Tangawizi na iliki husaidia chai isionekane tupu.

Mafuta ya kupikia ni hesabu ya nyumba nzima. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,200. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita kwa siku tano inampa kila mtu takriban kalori 330 za mafuta kila siku, kabla hajala kitu chochote cha kununua barabarani. Lita hiyohiyo ikifika siku kumi, kila mtu anapata 165. Ameokoa nyingine 165 na hajanyimwa hata chakula kimoja. Kinachohitajika ni kijiko. Mafuta yakipimwa kwa kijiko cha mezani badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa, kitunguu bado hukaangika na mchicha bado huiva. Mfukoni nako, lita sita za mwezi zinakuwa tatu, jambo ambalo kwa bei za sasa lingetosha kuwa sababu peke yake.

Sima ya usiku hupimwa kwa unga, kwani maji hayana kalori. Kama sehemu yake ilitoka kwenye gramu 150 za unga, hizo ni 540. Akishuka hadi gramu 100 na kujaza nafasi iliyobaki kwa mboga, anaokoa karibu 180 na anashiba vilevile, pengine zaidi.

Jumla ya alichookoa ni takriban kalori 480 kwa siku. Mahamri mawili bado yako kwenye sahani ya asubuhi, hayajaguswa.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Upungufu wa 480 kwa siku ni zaidi ya 3,300 kwa wiki, kwa hiyo mwanzoni atapungua karibu nusu kilo kila wiki. Si kasi ya kutangazwa kwenye mabango, lakini baada ya miezi miwili na nusu anaweza kuwa amepoteza kilo nne, ambazo ni sehemu ya ishirini ya uzito wake. Kiasi hicho huanza kuonekana kwenye kipimo cha presha na cha sukari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kisukari, uliwawekea washiriki wa kundi moja lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa.

Basi swali la kumuuliza mtu anayetaka kupungua si "utaacha nini?" Ni "kipi hutaki kabisa kukiacha?" Hicho kiandikwe kwanza kwenye hesabu ya siku kama vile kodi ya nyumba inavyotengwa kabla ya matumizi mengine. Kupunguza kunaanzia kwenye vilivyobaki. Kwa mwingine kitakuwa viazi karai vya saa kumi na moja jioni. Kwa mwingine soda ya baridi siku ya Ijumaa. Anayepokonywa kila kitu hukaa akikiwaza kile alichopokonywa.

Vitamu vyote si sawa

Mwaka 2010 mhadhiri wa lishe wa Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani, Mark Haub, alijifanyia jaribio ambalo lilizungumzwa sana. Kwa wiki kumi alikula zaidi keki ndogo za dukani zenye krimu, biskuti na vitu vya aina hiyo, akiongeza mboga kidogo, kinywaji cha protini na kidonge cha vitamini, lakini akihakikisha hapiti kalori 1,800 kwa siku. Alipungua zaidi ya kilo 12. Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake kwamba kwa uzito, jumla ndiyo inayoamua. Mwenyewe hakumshauri mtu aige chakula hicho.

Alikuwa na sababu. Yeye alikuwa akihesabu kila kipande, na watu wengi hawahesabu. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 mahali pamoja kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani na wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa, wakiruhusiwa kula kiasi walichotaka. Kwenye vyakula vya viwandani walijikuta wakila karibu kalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Hakuna aliyewalazimisha. Chakula laini na kitamu huliwa haraka, na tumbo huchelewa kupeleka habari.

Somo la majaribio hayo mawili huenda pamoja. Kitu kitamu kinaweza kukaa ndani ya hesabu na uzito ukashuka, lakini hakiwezi kuwa msingi wa chakula kwa mtu anayetaka kuhesabu bila kuteseka. Msingi uwe ni vile vinavyoshibisha kwa kalori chache: mbaazi na kunde, samaki, mayai, mchicha, sukuma wiki, bamia, viazi vitamu, matunda. Mbaazi zinazoandamana na mahamri ya asubuhi ni chakula cha maana sana, mradi tui lake lisiwe zito la kusimamisha kijiko. Mtu akila bakuli la mbaazi na mahamri mawili atafika mchana akiwa mtulivu kuliko aliyekula mahamri manne na chai tupu.

Karanga na korosho zinastahili neno lao, kwa kuwa Pwani huliwa kama si chakula, na mtu huzitafuna akizungumza. Ni nzuri kwa afya, ila nusu ya uzito wake au karibu na hapo ni mafuta. Kiganja kimoja cha gramu 30 ni kalori zipatazo 170, sawa na hamri letu. Zinunuliwe kwenye kikaratasi kidogo, zisiliwe kutoka kwenye mfuko.

Vinywaji ndivyo vinavyodanganya zaidi. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vinane vilivyosawazishwa, na chupa ya nusu lita huzidi kalori 200. Bia ya nusu lita nayo ni karibu 200. Tumbo halizihesabu hizo kama mlo. Mtu hunywa na kula kiasi kilekile. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na chupa moja ya nusu lita inaimaliza yote. Dafu la mililita 350 lina kalori kama 70. Juisi ya matunda iliyosagwa nyumbani na kutiwa sukari haina tofauti kubwa na soda kwa hesabu hii, hata kama inaonekana ya heshima zaidi. Embe linalotafunwa lina kambakamba zake na huchukua muda kuliwa.

Harusi, Idi na jioni za Ramadhani

Hesabu si lazima ifungwe kila usiku. Mwili hauna saa ya kufunga vitabu. Mwanamke wetu mwenye kalori 1,690 za siku akibana 100 kila siku kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, anafika Jumamosi ya harusi akiwa na akiba ya 600. Sahani ya pilau yenye wali wa gramu 100 kabla ya kupikwa, vipande vya nyama na mafuta yake, inakadiriwa kuwa kalori 700. Akiongeza soda ndogo inapita 800. Hapo atakula na wenzake, hatakaa pembeni akieleza habari za daktari, na wiki itafungwa pale ilipokusudiwa.

Jambo hili lina uzito wake katika jamii ambayo kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Kukubali kidogo ni rahisi kuliko kukataa kabisa. Sahani ndogo, kuanza na kachumbari, kula polepole na kusifu upishi huwa vinatosha. Shangazi akisisitiza kuongeza, mtu anaweza kufungashiwa.

Kwa wanaofunga Ramadhani, tatizo huwa kufuturu. Kaimati zenye shira, sambusa, bajia, viazi vya nazi na sharubati hukusanyika mezani kwa saa moja mbele ya mtu mwenye njaa ya kutwa. Kufungua kwa tende chache na maji, kuswali Magharibi, kisha kurudi mezani huipa njaa ya kwanza nafasi ya kutulia. Kuchagua aina moja ya kukaanga kila siku, leo sambusa, kesho kaimati, hakumnyimi mtu kitu katika mwezi wenye siku 29 au 30.

Hitilafu pia hutokea, na mtu hujikuta amekula mahamri sita. Hayo ni kalori 1,020, manne zaidi ya aliyokusudia, yaani kalori 680 za ziada. Zikigawanywa kwa wiki hazifiki 100 kwa siku. Kinachoharibu kazi ni ile kauli ya "nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu", kwa kuwa kati ya Alhamisi na Jumatatu kuna siku nyingi za kula.

Kutembea na kupima

Kutembea kwa kasi kwa nusu saa hutumia kalori zipatazo 150 kwa mtu wa kilo 70, pungufu kidogo ya hamri moja. Mazoezi ni muhimu sana kwa moyo, misuli, usingizi na kulinda uzito usirudi, lakini mtu asitegemee kutembea kufute sahani ya chipsi. Njia fupi ni kuipunguza sahani.

Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji, chumvi na siku za mwezi kwa wanawake, na anayejipima kila siku hukata tamaa bure. Kamba ya fundi cherehani nayo inafaa: kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume, hatari ya maradhi imeanza kupanda hata kama mizani haijalalamika. Baada ya miezi kadhaa kupungua hutulia, kwa sababu mwili mdogo unahitaji nguvu kidogo. Mtu aliyepoteza kilo kumi anahitaji kalori kama 150 chache kwa siku kuliko alipoanza, kwa hiyo hesabu lazima ipigwe upya. Chai za kusafisha tumbo zinazouzwa kwa ahadi za wiki moja huondoa maji kwa kuharisha. Maji hayo hurudi mtu akinywa, na mafuta yanabaki palepale.

Wasiofaa kuanza peke yao

Mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto anayekua, mtu anayetibiwa kifua kikuu, na mzee aliyedhoofika wasipunguze chakula bila mwongozo wa mhudumu wa afya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge azungumze na kliniki yake kwanza, kwani chakula kikipungua na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia. Aliyepungua bila kujaribu apimwe haraka. Na kushuka chini ya kalori 1,200 kwa siku si ujasiri. Mwili hukosa viinilishe, misuli huliwa pamoja na mafuta, na marufuku ya wiki ya tatu huvunjika kama ilivyoelezwa mwanzoni.

Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini wamekuwa wakipewa mikoba ya kazi yenye vifaa vya kupima presha na sukari, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika nyumbani. Anayehitaji ushauri zaidi amwone afisa wa lishe katika hospitali ya kaunti ndogo au kituo cha afya kinachotoa huduma hiyo. Atasaidika zaidi akienda na karatasi yenye orodha ya kila alichokula na kunywa kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mwisho wa wiki, pamoja na vijiko vya sukari kwa kila kikombe, siku ambazo lita ya mafuta hudumu nyumbani na idadi ya watu wanaokula kutoka sufuria hiyo. Juu ya karatasi aandike chakula kimoja au viwili ambavyo hataki viondolewe.